Kabeji za Wakarima na Maji ya Wapangaji

Wakarima wa Kawangware alikuwa na dharau ya kutosha mtaa mzima, na hakuna aliyekosa fungu lake. Wanaume wanywaji aliwaita mizigo. Wanawake wasioonekana kanisani aliwaita kuni, na hakuhitaji kueleza ni kuni za moto upi. Watu wa Kibera, ambako hakuwahi kukanyaga hata siku moja, aliwaona ni watu waliotandika vitanda vyao juu ya ardhi ya serikali wakisubiri kuamshwa. Lakini dharau yake nene zaidi, ile ya kila siku asubuhi na jioni, aliwawekea wapangaji wake mwenyewe, yaani watu waliomlisha.

Ploti ile aliachiwa na marehemu mumewe, Nderitu, naye Nderitu aliachiwa na babake, aliyelima viazi vitamu pale kabla jiji halijafika. Wakarima hakufanya lolote kuipata ila kuolewa, lakini ukimsikia akisimulia ungedhani aliumba udongo wenyewe. Uhuru ulipokuja na watu wakamiminika Nairobi kutafuta kazi, alijenga vyumba kumi vya udongo na mabati, vitano vikitazamana na vitano, akaweka mfereji mmoja karibu na mlango wake na kuutia kufuli. Nyuma ya vyumba alibakiza kipande cha shamba. Hapo ndipo alipopanda kabeji.

Tusimnyime haki yake, kabeji alijua kuzilima. Mbegu alizisia kwenye kitalu chini ya kivuli cha nyasi, miche akaihamisha jioni jua likiwa limepoa, kila mche na shimo lake na konzi mbili za mbolea ya ng'ombe. Alipalilia akiwa amepiga magoti, hakutuma mtu. Kabeji zake zilifunga vichwa vikubwa, vigumu, vya kubebwa kwa mikono miwili, na watu waliopita njiani walisimama kuchungulia juu ya ua. Wakarima aliwaacha wachungulie. Aliwadharau kwa kuchungulia, lakini aliwaacha.

Siri ya kabeji zile ilikuwa maji. Kila mpangaji aliyeingia ploti ile alisomewa sheria moja kabla hata hajaweka godoro: maji hayamwagwi ovyo. Ukiosha vyombo, maji kwa kabeji. Ukifua, maji kwa kabeji. Ukioga kwenye lile bafu la mabati, unaogea ndani ya karai, na ukimaliza unalibeba karai lako mpaka shambani na kumwaga taratibu kwenye mashina. Sabuni iliwaua wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojazana kwenye majani, na unyevu haukukatika hata mwezi wa pili. Kwa hiyo watu wa vyumba kumi, na watoto wao, walioga kwa faida ya kabeji za Wakarima mwaka baada ya mwaka.

Na hapa ndipo upumbavu wake unapoanza kunoga. Wakarima hakuzila. Hakuonja hata jani moja. Kabeji iliyokunywa jasho la wapangaji ingepitaje kooni mwake, yeye mwenye ardhi? Alizikata, akamuuzia kwa jumla Musimbi, mchuuzi wa sokoni, kisha yeye mwenyewe akashika kikapu akaenda soko hilohilo la Kawangware kununua kabeji safi, kabeji za Kinangop, zilizonyeshewa na mvua ya Mungu. Musimbi alizipanga za Wakarima mezani na kuapa kwa kila mteja kwamba zimetoka Kinangop asubuhi hiyo. Wachuuzi wengine walinunua kwa Musimbi na kuapa vilevile. Ni ngapi zilirudi nyumbani ndani ya kile kikapu, hakuna anayejua.

Kati ya wapangaji wote, aliyemdharau zaidi alikuwa Nereah wa chumba cha pili. Nereah alitoka upande wa ziwa na mumewe Lazarus miaka michache baada ya uhuru, wakiwa na sanduku moja na mtoto mchanga, Oyoo. Lazarus alikuwa kibarua viwandani. Nereah aliuza omena na mboga kando ya barabara, katikati ya akina mama wa Kikuyu. Wapangaji wengine walihama, wakaenda Kibera, wakarudi mashambani, wakafa. Nereah alibaki miaka kumi na saba, ukuta mmoja tu na Wakarima, na katika miaka hiyo yote mwenye ploti hakuwahi kukaa kwenye kiti chake. Samaki walinuka, alisema. Pazia lilikuwa la maua makubwa mno. Nereah mwenyewe alicheka kwa sauti, na mtu anayepanga, kwa maoni ya Wakarima, angepaswa kucheka kidogokidogo.

Ukame wa mwaka wa themanini na nne ulikuja pamoja na habari njema. Mvua ya masika iligoma. Watu walikula unga wa njano ulioletwa kwa meli na kuulalamikia kila siku. Na Muigai, mtoto wa pekee wa Wakarima, karani wa posta, alitangaza kuwa anamwoa Waruguru wa Riruta, binti wa mwalimu mkuu.

Familia ya Riruta ilikuwa na nyumba ya mawe. Mama yake Waruguru alivaa miwani, na aliivua na kuifuta kila mara Wakarima alipozungumza, pengine kwa sababu ilikuwa na vumbi. Wakarima, aliyewatazama watu kutoka juu maisha yake yote, sasa alitazamwa yeye, na hakupenda hata kidogo. Siku ya mazungumzo ya mwisho, alipoona wageni wanaanza kuhesabu gharama ya chakula kwa sauti ya huruma, alijitutumua.

"Kabeji msihesabu," alisema. "Harusi ya mtoto wangu hainunuliwi kabeji. Zitatoka kwa mkono wangu, na zitabaki."

Miwani ilifutwa. "Na hili jua?" aliuliza mama wa Riruta.

"Jua ni la wale hawajui kulima."

Neno likawa limetoka, na halingeweza kurudi. Arusi ilipangiwa mwisho wa mwezi wa nane, kabeji zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kujikunja, na heshima yote ya Wakarima mbele ya watu wa Riruta ikawa imezikwa kwenye mizizi ya kabeji zile. Zikishindwa, angekuwa mwanamke wa vyumba vya udongo aliyejigamba mbele ya watu wa mawe.

Katika hali hiyo mtu mwenye akili angenyamaza. Wakarima alimwalika chai Wamuyu, mwenzake wa kikundi cha akina mama kanisani, mwanamke ambaye siri ikiingia kwake huwa haivui viatu. Waliketi uani kwenye vigoda. Hatua chache kutoka kwao Nereah alikuwa ameinama kwenye karai, anasuuza shuka. Wamuyu akazisifu kabeji, akasema siku ya arusi atakula mpaka ashindwe kusimama.

Wakarima akacheka. Akaongea Kikuyu, kwa sauti ya kawaida, kwa uhakika wa mtu anayezungumza mbele ya mbuzi.

"Wewe kula. Mimi siwezi kula kabeji iliyooga na Wajaluo. Hizo ni za wageni na za kuuza. Sijawahi kuzionja na sitazionja."

Wamuyu aliziba mdomo kwa leso, si kwa aibu, bali kushikilia habari ile isimwagike kabla hajafika nayo mahali.

Sasa fikiria. Mwanamke amekaa miaka kumi na saba Kawangware, anauza mboga ubavuni mwa akina mama wa Kikuyu, anagombana nao, anazika nao, anasuka nao vikapu wateja wakikosekana. Wakarima alimpa kodi inayopanda na sheria za kufuata, lakini wazo kwamba Nereah ana masikio halikuwahi kumjia. Nereah alimaliza kusuuza. Akakamua shuka, akazianika. Kisha akalinyanyua karai, akapita nalo kando ya shamba la kabeji bila kugeuza shingo, akafungua lango, na akamwaga maji yote barabarani.

Jioni ile Filister wa chumba cha tano alimwaga yake barabarani. Shivachi, bawabu wa usiku aliyehamia hapo kutoka Soweto ya Kibera, alioga akiimba, akatoka na karai lake kichwani, akamwaga barabarani. Kesho yake ilikuwa vyumba vyote kumi.

"Ni nini mnafanya?" Wakarima aliwauliza akiwa amesimama langoni, mikono kiunoni.

"Tunazuia vumbi, mama," Shivachi alijibu kwa heshima tele. "Vumbi imezidi."

"Sheria ya hii ploti mnaijua."

"Tunaijua. Lakini maji yetu ni chafu. Hatutaki kuharibu chakula ya harusi."

Akaelewa kwamba wamesikia. Akatishia kuwafukuza. Shivachi akauliza kama atafukuza vyumba vyote kumi kabla ya arusi au baada. Wakarima akarudi ndani akaubamiza mlango, na usiku huo alijiambia kwamba kabeji zake hazijawahi kuhitaji mtu.

Zilihitaji. Maji ya baraza la jiji siku hizo yalikuja mara mbili kwa juma, yakitoa mluzi kwenye mfereji na kujaza ndoo nusu. Aliyaoga yake akayapeleka shambani, lakini mwanamke mmoja, hata awe mchafu kiasi gani, hawezi kunywesha kabeji themanini. Alinunua mitungi ya mkokoteni mpaka akaona aibu ya kununua maji huku akiwa na mfereji. Majani ya nje yakaanza kulegea mchana, kisha yakawa hayanyanyuki hata alfajiri. Wadudu wa kijivu, ambao hawakuwa wamemwona Wakarima kuwa mtu wa maana, walirudi kwa maelfu. Aliwapaka majivu. Walikaa juu ya majivu wakaendelea kunyonya. Kila alipopapasa kichwa cha kabeji kukiminya, kilikuwa laini, na kila mara aliona miwani ikifutwa.

Mwezi wa saba ulipokuwa unaisha, alivaa leso safi, ungedhani anakwenda ibadani, akapiga hatua zile chache ambazo hakuwahi kuzipiga, akabisha hodi chumba cha pili.

"Nani?" aliuliza Nereah, ingawa mlango ulikuwa wazi na walikuwa wanatazamana.

"Ni mimi, Mama Oyoo."

"Karibu, Mama Muigai. Kodi si tulilipa?"

"Si kodi. Unajua harusi iko karibu."

"Tunajua. Hongera sana."

"Na kabeji zinakauka."

"Tumeona. Jua ni kali." Nereah aliendelea kuchagua mawe kwenye dengu. Hakumwondolea hata kokoto moja njiani.

"Sasa nilikuwa naulizia yale maji."

"Maji gani? Mfereji ni wako."

"Yale mengine. Mkishamaliza kuosha."

"Kuosha nini, mama?"

Shivachi alikuwa ametoka mlangoni pake na mswaki mdomoni. Filister alikuwa amesahau kwa nini alishika ufagio. Wakarima aliwachukia wote, na alimchukia zaidi Nereah, kwa vile alijua kwamba lazima amalize sentensi ile.

"Vyombo," alisema. "Na nguo. Na kuoga."

Nereah akaweka ungo chini. "Hayo ni machafu, Mama Muigai. Siwezi kukubebea uchafu wangu nikakuletea kwa shamba yako. Hapo nitakuwa nimekukosea heshima. Lakini ukija mwenyewe na ndoo, hapa kwa mlango, sitakunyima. Hakuna mtu atakunyima."

Na ikawa hivyo. Kila jioni, kuanzia siku hiyo, mwenye ploti alishika ndoo akapita mlango kwa mlango, akimiminiwa maji ya sabuni, maji ya nepi, maji ya miguu ya bawabu. Alijifunga leso mpaka puani. Wapangaji walimmiminia kwa uangalifu, bila kumrushia tone, wakamwambia pole na kazi. Adabu yao ilimuuma kuliko matusi. Watu wa njiani walisimama tena kuchungulia juu ya ua, na safari hii si kabeji walizokuwa wakitazama.

Msidhani alijifunza kitu. Alibeba maji yao na dharau yake pamoja, ndoo mkono wa kulia, dharau kila mahali pengine. Lakini kabeji hazina kinyongo. Wadudu walianguka, majani yakasimama, vichwa vikajaza. Siku mbili kabla ya arusi alizikata themanini zote, nzito, nyeupe kwa ndani, na akazipanga uani mahali ambapo mtu yeyote anayetoka Riruta asingeweza kukosa kuziona.

Akina mama wa kanisa waligawana mapishi. Wali, nyama, viazi. Kabeji kila mmoja alimwachia mwenzake, na Wakarima, aliyekuwa na haraka, hakujiuliza kwa nini. Mwishowe zilipikwa na Nereah, aliyezoea sufuria kubwa za matanga. Alizikatakata nyembamba, akazikaanga na vitunguu na nyanya, hakuzichemsha mpaka zikawa uji kama ilivyo desturi ya makanisa, na harufu ikatoka mpaka barabarani.

Watu wakarudi kutoka kanisani, wakaketi chini ya turubai. Wakapakuliwa. Wakarima, kwenye meza ya wazazi, alikuwa amevaa gauni la samawati na kofia, anangojea sifa.

Mama wa Riruta alifika kwenye sufuria ya kabeji, akatabasamu, akaifunika sahani yake kwa kiganja. "Mimi hiyo nitaiacha," alisema kwa upole. "Nasikia hata mwenyewe haili."

Kumbe Wamuyu alikuwa amefanya kazi yake nyumba kwa nyumba mpaka Riruta. Dada wa mama wa Riruta naye akapita bila kupakuliwa. Shangazi akapita. Safu nzima ya watu wa mawe ilipita mbele ya sufuria ile, sahani zao zikiwa na wali na nyama na pengo upande mmoja, na wazee wa kanisa, wasiojua wafuate nini, wakawafuata wao. Nereah alisimama na upawa wake mkononi. Kisha, taratibu, macho yakahamia kwenye sahani ya Wakarima mwenyewe, na kila mtu akaona kwamba nayo haikuwa na kabeji.

Angeweza kuokoa mambo kwa kijiko kimoja. Alijua hivyo. Alikaza shingo, akajiamuru ainuke, akakumbuka maji ya miguu ya bawabu. Hata kwa ajili ya mwanawe wa pekee, siku ya arusi yake, hakuweza. Akabaki ameketi, jasho likimtoka chini ya kofia.

Aliyeinuka ni Muigai. Alitoka kwenye meza ya maharusi na suti yake, akavuka uwanja akiwa na sahani.

"Mama Oyoo, niwekee."

"Kama kawaida?" Nereah aliuliza.

"Kama kawaida. Na ile ya chini imeshika sufuria."

Waruguru alikuwa amemfuata akishika gauni lisiguse vumbi. "Kwani umezoea?"

"Mimi?" Muigai alikuwa tayari anatafuna. "Nimekula kabeji ya hii shamba tangu darasa la kwanza. Mama alikuwa anashinda sokoni na kwa mikutano ya kanisa, mimi natoka shule na njaa. Huyu ndiye alikuwa anazinunua kwa Musimbi, ananipakulia, mimi na Oyoo, sahani moja. Nikifika nyumbani nimeshiba, mama ananiwekea za Kinangop, nazisukumasukuma tu."

Alisema bila ubaya, jinsi mtu anavyosimulia utoto wake akiwa na furaha, na watu wakacheka. Waruguru akanyoosha sahani yake. Babake, mwalimu mkuu, akanyanyuka akasema kama bwana arusi amekua vile kwa kabeji basi naye ajaribu. Safu ikajipanga upya. Mama wa Riruta alifuta miwani, akaivaa, akajiunga nyuma ya mumewe. Shivachi alikuja mara tatu.

Wakarima hakusikia vicheko. Alikuwa anahesabu miaka. Mwili ule mrefu, mabega yale, meno yale aliyojivunia mbele ya majirani, alivyomlea peke yake bila mume, alivyomlinda mtoto na kila kitu kilichotoka vyumba vile. Alimtazama mwanawe akimwinamia Nereah anong'onezwe jambo sikioni, na alimwonea wivu mpangaji wake, wivu mtupu, usio na dharau hata punje ya kuusindikiza.

Watu walipokuwa wanarudi vitini, aliinuka. Alipita katikati ya turubai na sahani yake, na mazungumzo yakapungua kila alipopita, mpaka akafika mbele ya sufuria.

"Mama Oyoo," alisema. "Niwekee kidogo."

Nereah aliinamisha sufuria ili aone mwenyewe. Ilikuwa imekwanguliwa mpaka chuma.

"Imeisha, mama," alisema. "Watu wameipenda."